MLANGO WA USHIRIKA SI MLANGO WA MJOMBA

Ndugu Wanaushirika,

Geti la banda la gari letu mmeliona. Lilitiwa kabla ya masika, na masika hayajamalizika bawaba ya juu ikang'oka, pembe ya chini ikawa inaburura mchanga, na leo linafungwa kwa kamba ya usumba kama zizi la mbuzi. Pesa ile ilitokana na mchicha wenu, mihogo yenu na jasho la kina mama wanaoamka alfajiri kuwahi soko la Mwanakwerekwe. Imekwenda. Jumapili tunaitwa mkutanoni kuchagua fundi wa geti la pili, na tayari maneno ya chini chini ni yale yale: "Mpeni fulani, ni mtoto wetu." "Mpeni fulani, bei yake nafuu."

Mimi nasema hapana! Na nasema hivyo nikijua kuwa mara ya kwanza na mimi niliinua mkono. Hakuna aliyeuliza fundi yule kafanya kazi wapi. Tuliuliza ni mtoto wa nani.

Wako wanaosema geti ni geti tu, vyuma vikishaunganishwa basi. Si kweli, na hasa si kweli hapa Mbweni. Sisi tuko pwani. Upepo wa bahari unachukua chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu kutu huenda mbio. Kutu hiyo huanzia pale pale fundi mvivu alipopita: kwenye viungo alivyochomea nukta nukta badala ya mstari mzima, na ndani ya mabomba yaliyoingia maji yakakosa pa kutokea. Rangi inang'aa, puti imeziba mashimo, wajumbe wanapiga makofi, kumbe ugonjwa uko ndani.

Nendeni Mji Mkongwe mkaitizame ile milango ya mbao yenye nakshi, na mfaa wake katikati. Mingi imepita miaka 100 katika upepo huu huu wa bahari. Kwani imesimama kwa nakshi? Imesimama kwa mbao ngumu, na kwa miimo iliyoshikana sawasawa na kizingiti. Wageni wanapiga picha maua. Sisi tutizame viungo.

Basi nashauri kila fundi apimwe kwa alama 100, mbele ya wote, kabla hajapewa hata shilingi.

Kwanza, kazi iliyokwisha simama: alama 30. Atupeleke kwenye mageti mawili aliyoyatia mwenyewe karibu na bahari, yaliyopita masika mawili. Si picha za simu! Picha haishiki kutu. Tulifungue geti nusu tuliache: likitembea lenyewe, nguzo haikwenda timazi. Na tumuulize mwenye nyumba, fundi akiwa hayupo.

Pili, chuma na uchomeaji: alama 25. Tulione geti kabla ya rangi. Tupitishe kidole upande wa nyuma, ambako fundi hakutarajia mtu kutizama. Unene wa bomba uandikwe kwa milimita. Ikiwa macho yetu hayatoshi, Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume iko hapa hapa Mbweni; tuombe mwalimu wa ufundi aje atizame. Kuomba si aibu. Aibu ni kamba ya usumba.

Tatu, kurudi akiitwa: alama 20. Bawaba ikilegea, anakuja au anazima simu? Wateja wake wa zamani wanajua.

Nne, mapatano ya maandishi: alama 15. Vipimo, aina ya chuma, rangi ya kuzuia kutu chini ya rangi ya urembo, siku ya kumaliza. Na robo ya ujira ibaki mpaka masika yapite. Tulilipa yote siku ile ile, basi tukabaki na nini cha kumvutia arudi?

Tano, bei: alama 10. Ndiyo, ya mwisho! Rahisi ni ghali, na sisi geti moja tunalilipia mara mbili.

Najua watakaonuna. Watasema tunamkatia riziki kijana wa kijiji. Naye aje apimwe! Akipata alama nyingi, kazi ni yake, na sote tutafurahi. Asipopata, atajua pahala pa kujirekebisha. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mwaka huu tumelia sisi.

Lakini haki iende pande zote. Na sisi tumewahi kubadilisha vipimo fundi keshakata chuma, na tumewahi kumzungusha fundi wiki nyingi kwa malipo yake. Fundi asiye na pesa mkononi atanunua chuma gani? Kwa hiyo alama zikibandikwa ubaoni, kila alama iwe na sababu yake, si majungu. Na fundi aitwe ajibu kwanza kabla hazijabandikwa. Naye apewe nafasi aandike kama ushirika ulimlipa kwa wakati.

Jumapili, kamati ikisimama ikasema "fundi tumeshampata", msipige makofi. Ulizeni: kapata alama ngapi, na nani kalitizama geti lake?

Ni mimi,
Mwanachama mwenzenu, niliyeinua mkono mara ya kwanza.