Helmeti ya kufunuka: komeo kwanza, rangi baadaye
BARABARANI, na Rashidi Mkwizu

Helmeti ya kufunuka hufunika uso mzima, ila sehemu yake ya kidevu imeungwa kwa bawaba: mwendeshaji hubonyeza kitufe na kuipandisha bila kuivua helmeti. BMW ilitoa ya kwake mwaka 1981. Raha yake anaijua mvaa miwani, na dereva wa bodaboda anayepatana nauli na abiria.

Udhaifu uko papo hapo penye urahisi. Kwenye helmeti isiyofunuka, kidevu na ganda ni kitu kimoja. Hapa kidevu hutegemea bawaba na makomeo ya pembeni. Uchunguzi wa Dietmar Otte kuhusu ajali nchini Ujerumani ulionyesha kuwa takriban theluthi ya mapigo kwenye helmeti hupiga eneo la kidevu. Ndiyo maana mnunuzi hana budi kuanza na komeo. La chuma ni bora kuliko la plastiki. Aifunge na kuifungua mara kadhaa dukani: pande zote mbili zilie pamoja, na kidevu kikivutwa kwa nguvu kisicheze. Upande mmoja ukichelewa kushika, hiyo si ya kununuliwa hata kwa bei ya kutupa.

Halafu lebo, ambayo wauzaji wengi huiruka. Helmeti iliyopimwa kwa kanuni ya ECE 22.06 huwa na lebo iliyoshonwa yenye E ndani ya duara, na namba ya nchi iliyoithibitisha. Herufi P humaanisha kidevu kimepimwa na kinakinga. P/J, inafaa kuendeshea ikiwa imefungwa au imefunuliwa. NP, kidevu hakikingi. Hii ya mwisho ndiyo ya kuogopwa, maana kwa macho haina tofauti na nyingine. Kibandiko cha DOT cha Marekani nacho hakisemi lolote kuhusu kidevu, kwa kuwa kanuni yake haikipimi.

Kutosha hupimwa kichwani. Mkanda ukiwa umefungwa, helmeti ikizungushwa, ngozi ya mashavu ifuatane nayo. Nyingi zina uzito wa kilo 1.5 hadi 1.8, mzigo ambao shingo huuhisi safari ikiwa ndefu.

Ya mtumba isinunuliwe kabisa. Povu gumu la ndani hubonyea mara moja tu katika ajali, na ufa wake waweza kufichwa na kitambaa kilichofuliwa vizuri.