Mkoba Usiobeba Kitu



Msomaji wetu mmoja ametuletea swali ambalo tumeona vema tulijibu hadharani, kwa kuwa si lake peke yake. Anauliza kama kuna ubaya wowote kwa mtu mwenye kipato halali kukusanya mikoba ya bei ghali, na kujiandalia mavazi, viatu na mapambo ya kila jioni anapokwenda kupumzika katika meli ya kitalii. Anaongeza kwamba mikoba ya namna hiyo ni uwekezaji, kama vile kiwanja au shamba. Swali limeulizwa kwa heshima, nasi tutalijibu kwa heshima, ingawa jibu lenyewe huenda lisimfurahishe.

Kwanza tuondoe jambo moja njiani. Hatuna nia ya kuungana na wahubiri wanaopanda mimbarini kila Dominika kuwashambulia akina mama kwa ajili ya pochi zao. Ni mahubiri mepesi, na mara nyingi mhubiri huyatoa huku mkononi amevaa saa ambayo bei yake ingenunua pochi za benchi zima la mbele. Wanaume nao wana mikoba yao: inaitwa magari, simu na viatu vya ngozi ya mamba. Hata makabati ya sakristia yana habari zake, lakini hiyo ni tafakari ya wiki nyingine. Mama aliyechagua mkoba mzuri wa mtumba, akaupangusa, akaushona kishikio na kuja nao Misani, hana kesi ya kujibu mbele yetu.

Mkoba, kwa asili yake, ni kitu chema. Ulibuniwa ili kubeba. Mwaka 1901 Louis Vuitton, kampuni ya Ufaransa iliyoanza mwaka 1854 kwa kutengeneza masanduku ya safari, ilitoa mfuko mwepesi uitwao Steamer kwa ajili ya wasafiri wa meli. Ulikunjwa ndani ya sanduku kubwa, na msafiri akiisha kufika chumbani mwake melini aliutoa na kutia humo nguo zake chafu. Naam, nguo chafu! Babu wa mikoba ya fahari ya leo alikuwa kapu la kufulia. Mwaka 1955 Coco Chanel alitoa mkoba wenye mnyororo wa kutundika begani, kwa kuwa alikuwa amechoka kushika pochi mkononi na kuisahau huku na huko. Mikono ya mwanamke ikawa huru. Hatuna neno na ubunifu wa namna hiyo, wala na fundi anayekaa na sindano mbili na uzi akishona ngozi kwa saa nyingi mpaka ikae sawa. Kazi nzuri ya mikono ni sifa kwa Mungu na kwa mwanadamu.

Lakini tazameni mambo yalivyogeuka. Mkoba unaosakwa kuliko yote leo unaitwa Birkin, na hutengenezwa na kampuni ya Hermès ya Paris, ambayo mwaka 1837 ilianza na hatamu na matandiko ya farasi. Asili ya mkoba huo inafahamika. Mwigizaji na mwimbaji Jane Birkin, Mwingereza aliyeishi Ufaransa, alizoea kutembea na kikapu. Naam, kikapu cha kusuka, ndugu wa hivi vya ukili tunavyokwenda navyo sokoni. Siku moja akiwa ndani ya ndege aliketi karibu na mkuu wa kampuni hiyo, vitu vyake vikamwagika, naye akalalamika kwamba hapati mkoba unaoweza kubeba mahitaji ya mama mwenye watoto wadogo. Mwaka 1984 mkoba wa kwanza ukawa tayari. Sasa sikilizeni alivyoutumia. Aliujaza mpaka ukavimba, akaubandika karatasi za mashirika ya misaada, akautundikia hata kikatio cha kucha. Mwaka 1994 akautoa uuzwe mnadani, fedha ziende kwenye mapambano dhidi ya UKIMWI.

Mkoba huo huo, wenye mikwaruzo na alama za karatasi zilizobanduliwa, uliuzwa tena mnadani Paris tarehe 10 Julai 2025 kwa takriban euro milioni 8.6. Wakusanyaji wa mikoba walishangilia. Sisi tulijiuliza kama wameelewa walichokishangilia. Katika mikoba yote ya jina hilo, uliovunja rekodi ya bei ni ule ambao mwenyewe aliufanyia kazi mpaka ukachakaa, kisha akauachia kwa ajili ya wagonjwa. Nao, wanaojiita wapenzi wa mkoba huo, wanayo mikoba kumi au ishirini iliyolazwa kabatini ndani ya mifuko ya kitambaa, imejazwa karatasi tumboni isije ikalegea, haitolewi jua likiwaka wala mvua ikinyesha. Ni mikoba isiyobeba kitu. Inachobeba ni jina la mwenyewe tu, na jina hilo halibebeki mpaka awepo mtu wa pembeni wa kulitazama.

Hapo ndipo tunapotofautiana na msomaji wetu kuhusu neno "uwekezaji". Shamba likilimwa linatoa mahindi, na jirani asiye na shamba anapata kibarua. Kiwanja kikijengwa kinalaza watu. Mkoba uliofungiwa kabatini hautoi chochote. Thamani yake yote imesimama juu ya tumaini kwamba kesho atapatikana mtu mwingine mwenye tamaa kubwa zaidi na fedha nyingi zaidi. Tunafahamu kwamba baadhi yao wamepata faida kwa kuuza. Hata mcheza kamari hupata siku moja moja. Na kama kweli ni biashara, kwa nini wanapouonesha hawaoneshi daftari la hesabu, bali wanaonesha kiganja kilichoshika mkoba, na nyuma yake bahari?

Tena ni biashara ya ajabu, ambayo mnunuzi ndiye anayembembeleza muuzaji. Mkoba wa Birkin, ambao bei yake dukani huanzia zaidi ya dola 10,000, haununuliwi kwa kuingia na kulipa tu. Mwezi Machi 2024 wateja wawili huko California walifungua kesi wakidai kwamba ili mtu aoneshwe mkoba huo humlazimu kwanza anunue viatu, skafu na vito vya kampuni hiyo hiyo. Kampuni ilikana kuvunja sheria, na Septemba 2025 mahakama ikaitupa kesi hiyo. Sawa, sheria imesema. Lakini sheria ya biashara haikuulizwa lile tunalouliza sisi: ni njaa ya namna gani inayomfanya mtu mzima, mwenye elimu na kazi yake, anunue vitu asivyovitaka ili aonekane anastahili kuuziwa kitu asichokihitaji? Maskini anapopanga foleni ya maji tunamwelewa. Foleni hii ilitengenezwa na wenye maji.

Na si kila mkoba wa jina kubwa unatoka mikononi mwa fundi yule mwenye sindano mbili. Mwezi Juni 2024 mahakama ya Milano, Italia, iliiweka chini ya usimamizi wake kampuni tanzu ya Dior inayotengeneza mikoba, baada ya wachunguzi kukuta kazi imepelekwa kwenye karakana ndogo ambamo wafanyakazi wahamiaji walilala humo humo walimofanyia kazi. Katika nyaraka za shauri hilo ilielezwa kwamba karakana ililipwa euro 53 kwa kuunganisha mkoba uliouzwa dukani euro 2,600. Ngozi haikuhesabiwa humo, na kampuni ililalamika kwamba hesabu hiyo inapotosha kuhusu faida yake. Usimamizi wenyewe uliondolewa Februari 2025 baada ya marekebisho. Tunayaandika hayo yote ili tusimwonee mtu. Hata hivyo, kuna ambao walikuwa wakiamini kwamba bei kubwa ni ushahidi kwamba aliyeshona amelipwa vizuri. Milano imewajibu.

Twende sasa melini. Wenzetu wanaozoea safari hizo, wengi wao wakiwa wa Marekani na Ulaya, na siku hizi hata baadhi ya ndugu zetu waishio huko, hutumia miezi kadhaa wakipanga nguo: ya jioni ya kwanza, ya kushukia bandarini, ya chakula cha nahodha, na kila moja mkoba wake. Wakiulizwa husema kwamba meli ndiyo inayodai. Ni kweli kwa sehemu. Meli za Cunard, kama Queen Mary 2 iliyoanza safari mwaka 2004, bado zina jioni za fahari ambapo wanaume huvaa suti nyeusi na wanawake magauni marefu. Lakini hata humo asiyetaka kuvaa hivyo ana kumbi nyingine za kulia chakula, naye hatupwi baharini. Norwegian Cruise Line iliachana na ulazima huo tangu mwaka 2000. Meli, basi, imekwisha kulegeza kamba. Wanaojifunga ni abiria wenyewe. Chumba cha kawaida cha melini ni kidogo kuliko vyumba vingi vya wageni, na kabati lake ni jembamba. Mtu anakwenda kupumzika, na kazi yake ya kwanza ni kutafuta mahali pa kutundika magauni manane.

Tena kuna wanaoyapiga pasi magauni hayo. Icon of the Seas, meli kubwa iliyoanza safari Januari 2024, hubeba abiria wanaoweza kufikia 7,600 na wafanyakazi 2,350. Wafanyakazi wa meli za namna hii wengi hutoka Ufilipino, Indonesia, India na nchi nyingine ambazo mshahara wa meli, hata ukiwa mdogo, unasomesha watoto. Hukaa melini kwa miezi sita, minane, hata zaidi, mbali na wake, waume na watoto wao. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006, ambao ni hatua njema, bado unaruhusu kazi ya hadi saa 14 kwa siku na saa 72 kwa wiki. Vyumba vyao mara nyingi viko chini, kusiko na dirisha. Kanisa linawafahamu: Utume wa Bahari ulianzishwa Glasgow, Uskoti, mwaka 1920, na kila mwaka mwezi Julai tunayo Dominika ya kuwaombea mabaharia. Tunaomba msomaji wetu akumbuke kwamba jioni ya fahari anayoiandalia mkoba ni jioni ya nguo nyingi zaidi za kufua na kunyoosha kwa mtu ambaye pengine hajamwona mwanawe tangu Kwaresima. Je, yeye alipangiwa vazi gani?

Huenda wengine wanasema moyoni: hayo ni ya matajiri wa mbali, sisi tumeyaona tu meli zao zikitia nanga Mombasa na Unguja. La, wapendwa. Yamekwisha kuingia kwetu, tena kwa mlango wa nyuma. Tunakifahamu kikundi kimoja cha akina mama waliopanga safari ya siku mbili ya kwenda Zanzibar kwa boti. Nia ilikuwa njema kabisa: kusali, kupumzika, kufahamiana. Kamati ikakaa. Ikapendekezwa sare ya kitenge, na hakuna aliyepinga. Kikao cha pili kikaleta viatu vya rangi ya sare. Kikao cha tatu kikaleta mkoba, tena wa aina moja, wenye nembo ya jina kubwa la Ulaya, wa bandia bila shaka, kwa sababu "tutapiga picha kwenye boti na zitaonekana na watu". Mkoba huo ulizidi nauli. Mama mmoja mjane, aliyekuwa ameweka akiba ya nauli kwa kuuza vitumbua, alituma ujumbe asubuhi ya safari kwamba anaumwa. Hakuwa anaumwa. Mwingine alikwenda, amependeza sana, akiwa na deni la ile mikopo ambayo watu wameipa jina linaloistahili, kausha damu.

Hapo hatuna haja ya Hermès wala ya mnada wa Paris. Mkoba wa bandia ulifanya kazi ile ile ya mkoba halisi: ulipanga nani apande na nani abaki gatini. Kwa hiyo tunamwambia msomaji wetu kwamba kipato chake halali hakimalizi swali. Tatizo la mkoba wa namna hii haliko kwenye risiti. Liko katika kile unachomfanyia mtu aliye pembeni, na ndiyo maana haufurahiwi peke yake chumbani. Kama anaupenda kwa ngozi yake na ushonaji wake, basi na achague mmoja, autie funguo, rozari, dawa ya mtoto na leso, aende nao baharini na sokoni mpaka upauke. Hiyo mingine iliyolala kabatini aiuze, na anajua wagonjwa wa kuwapelekea fedha hizo ni akina nani; hospitali haziko mbali.

Akina mama wa kikundi kile wanakusudia kusafiri tena mwaka huu, na wametuomba ushauri. Tumewajibu kwa maandishi, nasi tunayarudia hapa ili vikundi vingine navyo visome. Nauli ya wote ikamilike kwanza, pamoja na ya mjane. Kitenge ni chochote alicho nacho mtu. Na kila mmoja abebe mkoba wake wa siku zote, hata kikapu cha ukili, kwa sababu chakula cha njiani lazima kibebwe, na ile mikoba ya mwaka jana, kwa taarifa tulizopata, haikuingia hata chupa moja ya maji.