NANI ASHIKAYE KOKI YA MAJI YA WANYAMA?

Katika jimbo la Texas, huko Marekani, birika la maji laweza kumpunguzia mtu kodi. Jambo hili si mzaha. Mwaka 1995 wapiga kura wa jimbo hilo walikubali kuibadili katiba yao, ili mwenye ranchi ambaye ardhi yake yatozwa kodi ndogo ya kilimo aweze kuacha ufugaji wa ng'ombe, akatunza wanyama wa porini, na bado akaendelea kutozwa ile kodi ndogo. Sharti lake ni kwamba atimize kazi zisizopungua tatu katika kazi saba zilizotajwa na sheria. Mojawapo ya hizo saba ni kuwawekea wanyama maji.

Hatuna ugomvi na mtu awapaye maji viumbe wenye kiu. Hata hivyo, kodi asiyoilipa mwenye ranchi hulipwa na mtu mwingine, ama sivyo shule na barabara za wilaya ile zapungukiwa. Kwa hiyo mfanyakazi wa mjini, ambaye pengine hana ardhi hata ya kupanda mchicha, anayo haki ya kuuliza maswali machache: maji hayo yamewekwa wapi, yanywewa na nani, na ni nani ashikaye koki?

Mnyama atajwaye zaidi katika habari hizi ni yule ambaye wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wamjua kwa jina la ayala. Afanana na swala wetu kwa umbo, lakini pembe zake zina matawi, nazo huanguka kila mwaka zikamea nyingine. Huko Texas wakadiriwa kuwa milioni tano hivi. Kwa sheria, mnyama huyo si mali ya mwenye ardhi. Ni mali ya watu wote wa jimbo, na serikali ndiyo iliyopewa amana ya kumtunza. Lakini zaidi ya sehemu 90 katika kila 100 za ardhi ya Texas zamilikiwa na watu binafsi. Basi mnyama ni wa wote, na lango ni la mmoja. Mwindaji apendaye kumpata humlipa mwenye ranchi ada ya kuingia, na mwenye ranchi ajuaye kazi yake huweka maji mahali ambapo mnyama atakuja na mwindaji atamwona. Biashara hii ni halali kwa sheria za huko. Sisi twataka tu iitwe biashara, isivishwe kanzu ya sadaka.

Upande wa magharibi zaidi, katika majangwa ya Arizona, Nevada na California, sehemu kubwa ya ardhi ni ya umma, na wenye ng'ombe hukodishiwa malisho. Huko kilibuniwa, katika miaka ya 1940, chombo cha kukinga mvua kwa ajili ya kwale, ambacho baadaye kilikuzwa kwa ajili ya ayala na kondoo mwitu. Ujenzi wake ni mwepisi kueleweka. Sakafu ya mabati au saruji hulazwa kwenye mteremko; mvua iliyoangukia hapo huteremka hadi tangi lililofukiwa ardhini, ambamo jua haliwezi kuyala maji; na mbele ya tangi pana kijibirika cha kina kidogo ambapo mnyama hunywa. Fundi yeyote aweza kupiga hesabu yake, kwa maana milimita moja ya mvua katika meta moja ya mraba ni lita moja ya maji. Sakafu ya meta 100 za mraba, ikipata mvua ya milimita 10 tu, yakinga lita 1,000.

Idara ya wanyama ya Arizona peke yake yatunza vyombo vya namna hii kwa maelfu. Mvua zikosapo, malori hupeleka maji, na mahali pasipofikika kwa lori hupelekwa kwa helikopta. Mwaka 1937 Bunge la Marekani liliamua kwamba kodi itozwayo katika bunduki na risasi itumiwe kwa ajili ya wanyama wa porini, na fedha hizo ni nguzo mojawapo ya kazi hii. Hata hivyo hazikutosha katika ukame wa mwaka 2018, idara ikalazimika kuwaomba wananchi michango ya kupeleka maji. Mwenye kudhani kwamba birika likisha kujengwa gharama zimekwisha, na aukumbuke mwaka huo.

Lakini sehemu kubwa ya maji ambayo wanyama wa nchi kavu wanywa katika ranchi hayakuwekwa kwa ajili yao kamwe. Ni maji ya ng'ombe. Pampu ya upepo au ya jua huyavuta kutoka kisimani, yakajaza birika la chuma, na usiku, ng'ombe wakiwa wamelala, hufika ayala, mbweha, ndege na popo. Miaka ikipita, wanyama wa eneo zima huzoea mahali pale na watoto wao hukulia pale. Kisha siku moja mwenye ng'ombe awahamishia malisho mengine. Aona hakuna sababu ya kuchosha pampu kwa maji yasiyonywewa na mali yake, naye afunga koki. Haivunji sheria, na pengine hata hajui alilolitenda. Kwa maoni yetu hapa ndipo penye kiini cha shauri zima, kuliko ukubwa wa birika au ubora wa saruji.

Liko jingine, dogo kwa macho. Birika la ng'ombe lina kuta zilizosimama wima, nazo zateleza. Ndege aangukaye humo, au kindi, au popo, hawezi kutoka. Popo hunywa akiruka, akiyagusa maji kwa mdomo. Akigonga waya uliopitishwa juu ya birika aanguka, na akishaanguka hawezi kuruka kutoka juu ya maji. Huogelea akifuata ukuta, akazunguka na kuzunguka mpaka nguvu zimwishie. Dawa yake ni ngazi ya wavu wa chuma au mteremko wa mawe, unaoanzia chini ya birika hadi ukingoni, tena uliogusana na ukuta barabara, ili mwenye kuogelea kando ya ukuta asipite nyuma yake. Mfanyakazi wa ranchi aweza kuutengeneza kwa mabaki ya wavu katika nusu saa.

Wako watakaocheka kwamba gazeti la watu wazima lashughulika na ngazi ya popo. Na wasikilize yaliyotukia katika jangwa la Mojave, California, mwaka 1995. Karibu na mlima uitwao Old Dad palikuwa na vyombo viwili vya maji kwa ajili ya kondoo mwitu wenye pembe kubwa. Wana-kondoo walitumbukia tangini wakitafuta maji, wakafa humo. Mizoga ikaoza ndani ya maji, na wataalamu walipochunguza waliona kwamba yaelekea sumu ya vijidudu vya botulizimu ndiyo iliyowaua waliokunywa baadaye. Kati ya Agosti na Oktoba ilipatikana mizoga ya kondoo 45 hivi, nao ni wanyama wasio wengi katika milima ile. Chombo kilichojengwa kwa fedha na jasho ili kuwaokoa ndicho kilichowaua, kwa sababu hapakuwa na njia ya kutokea na hapakuwa na mtu wa kukitazama upesi.

Magonjwa nayo hupenda mkusanyiko. Ugonjwa wa kukondesha ayala, usio na tiba, ulionekana Texas kwa mara ya kwanza mwaka 2012, nao huenezwa kwa mate na kinyesi. Wanyama wengi wakielekeza midomo mahali pamoja, njia imefunguliwa. Na matope yanayozunguka birika livujalo ni mazalio ya visubi, ambao hueneza ugonjwa mwingine wa kuvuja damu. Fundi bomba aliyeziba mvujo ule amefanya kazi ya daktari wa wanyama.

Tukiyaacha ya Marekani, somo kubwa kuliko yote kuhusu mahali pa kuweka maji limetoka katika Afrika yetu wenyewe, ijapokuwa si katika ranchi bali katika hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini. Kuanzia miaka ya 1930 visima virefu vilichimbwa huko na pampu za upepo zikasimamishwa, mpaka vikapita 300. Nia ilikuwa njema: uzio ulikuwa ukiwazuia wanyama kuyafuata maji kama walivyofanya tangu zamani. Lakini katika tambarare kavu za kaskazini aliishi korongo, yule mkubwa miongoni mwa swala, ambaye ahitaji majani marefu na utulivu. Maji yalipopatikana kila mahali, punda milia na nyumbu walipanda kuelekea kule. Simba wakawafuata. Majani yakaliwa, na simba waliokuja kwa ajili ya punda milia hawakumbagua korongo. Ukame nao ukaongeza msiba. Mwaka 1986 korongo walikuwa karibu 450. Mwaka 1993 walibaki 45 hivi. Ilipofika mwaka 1994 wakuu wa hifadhi walianza kufunga visima katika eneo lile, na vingi vingine vikafungwa baadaye.

Tuutazame vizuri mkasa huo. Hakuna mtu aliyemwinda korongo. Alipotea kwa sababu ya wema uliofanywa bila hesabu. Ukiweka maji mahali, umewaamuru wanyama waje hapo. Umeamua majani ya wapi yataliwa, nani atashiba na nani atahama. Amri ya namna hiyo haifai kutolewa na mtu mmoja kwa sababu tu ana kisima na fedha za saruji.

Twaja sasa kwa jirani zetu wa Kenya, ambako shauri hili si la vitabuni. Katika ukame wa mwaka 2022 serikali ya nchi hiyo ilihesabu, kuanzia Februari hadi Oktoba, vifo vya nyumbu 512, punda milia wa kawaida 381, tembo 205, nyati 51, punda milia wa Grevy 49, na twiga 12. Wale 49 ni wengi kuliko wanavyoonekana, maana jamii hiyo ya punda milia, wenye mistari myembamba, haizidi maelfu machache duniani pote, na karibu wote wako Kenya. Serikali ilishauriwa kupeleka maji na mawe ya chumvi, na maji yalipelekwa. Yeyote aliyewaona tembo wakivunja matangi na mabomba ya wanavijiji waishio kando ya Tsavo hatauliza kwa nini.

Lakini sehemu kubwa ya wanyama wa Kenya huishi nje ya hifadhi za serikali, katika ranchi na malisho ya watu. Mwaka 2017, ukame ulipobana, wafugaji waliingia na makundi ya ng'ombe katika ranchi kubwa za Laikipia kwa nguvu, na watu wakauawa. Sababu za vurugu ile zilikuwa nyingi, siasa na silaha zikiwamo, nasi hatumtetei mtu aliyemwaga damu. Twasema tu kwamba mfugaji anayesimama nje ya uzio, ng'ombe wake wakianguka mmoja mmoja, huku akiona ndani birika limejaa kwa ajili ya swala atakayepigwa picha na mtalii, hawezi kuhubiriwa habari za kuwapenda wanyama. Na bila mapenzi ya mfugaji huyo hakuna mnyama atakayebaki nje ya hifadhi.

Wako walioona njia nyingine zamani. Katika nchi kavu za kaskazini ya Kenya, kisima kinaponyweshwa ng'ombe mchana kutwa, punda milia wa Grevy husubiri, wakaja usiku watu wakisha kuondoka. Panahitajika tu kwamba kisima kisizibwe kwa miiba jioni. Zamu hiyo haikugharimu senti moja, wala haikumnyima mtu maji.

Kwa hiyo fedha ya umma itumiwapo kuweka maji katika ranchi, iwe ni msaada, mkopo au kodi iliyosamehewa, twadai mambo yaandikwe katika mkataba kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kufunguliwa. Yaandikwe ni miezi gani koki itafunguliwa na ni miezi gani itafungwa ili majani yapumzike. Iandikwe kwamba birika litakuwa na ngazi, na kwamba yuko mtu mwenye mshahara, si mtu wa kujitolea tu, atakayelisafisha na kulitazama walau mara moja kwa juma wakati wa kiangazi. Pawepo birika la pili nje ya uzio kwa mifugo ya majirani, litokalo katika kisima kile kile. Na siku mwenye ranchi aamuapo kuhamisha ng'ombe wake, asifunge pampu kabla ya kuarifu idara ya wanyama na baraza la kijijini, ambao nao wawe na nakala ya ufunguo.