Skrini ya gemu: rangi tamu au mwendo safi?

Msee, ukizunguka Ruiru au Thika mjini kusaka skrini ya gemu, usibabaishwe na "1ms" iliyoandikwa kwenye boksi. Mara nyingi kasi hiyo hupimwa katika hali bora kabisa. Skrini ya 144Hz huleta picha mpya kila milisekunde 7 hivi. Pikseli zikichelewa, adui anayekimbia huacha mkia wa kivuli.

Paneli ya VA ina weusi uliokolea, takriban 3000:1 dhidi ya 1000:1 ya IPS, ila nyingi huchelewa penye giza. Unacheza kushindana? Chukua IPS. Ni filamu za usiku? VA itakufaa.

Kabla ya kutuma M-Pesa, omba iwashwe. Sogeza haraka maandishi ya kijivu juu ya weusi. Yakiacha mkia, doo zako zibaki mfukoni.