Kijana, usinunue upepo!

GIZA likiingia mjini, wajanja hupata mwanga. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 uliwaumiza vinyozi, mafundi wa kuchomelea na wauza juisi. Tangu hapo kijana haachi kushawishiwa: achana na LUKU, funga sola au pangaboi la upepo juu ya bati, hela itarudi yenyewe!

Hela hairudi yenyewe. Shika kalamu tupige hesabu.

Paneli ya wati 300 kwa jua la Dar es Salaam hutoa kama uniti 1.2 kwa siku, yaani 438 kwa mwaka. Bei ya kawaida iliyotangazwa 2016 ni shilingi 292 kwa uniti. Ongeza kodi na tozo, inapita 350. Ukiutumia umeme wote huo, umeokoa kama shilingi 150,000 kwa mwaka. Tuseme umefunga kwa shilingi 900,000: miaka 6 umerudisha chako. Lakini betri ya asidi inaweza kufa kabla ya hapo, na mpya ni gharama nyingine. Kinyozi anayenyoa mchana ana nafuu, maana hahitaji betri kubwa.

Sasa pangaboi lenye upana wa mita 2. Upepo wa mita 3 kwa sekunde, ukivuma kutwa kucha, utakupa wati 13 tu! Kwa mwaka ni shilingi 40,000 hivi. Kwa mtaji ule ule wa 900,000, utasubiri miaka 22, na chuma kinachozunguka hakikosi kuchakaa.

Je, upepo ni utapeli? Hapana. Kasi ikiongezeka mara 2, nguvu inaongezeka mara 8. Ndiyo maana Singida na Makambako zinatajwa, na wenzetu Kenya wakasimamisha mitambo 365 kule Turkana. Lakini Manzese na Tandika, upepo unagonga ukuta wa jirani kabla ya kufika kwako. Hata Uingereza, nchi ya upepo, majaribio yaliyotangazwa 2009 yalionyesha kuwa baadhi ya mitambo iliyofungwa juu ya majengo ilikula umeme kuliko iliozalisha.

Hapa tunawageukia wakubwa. Bei ya mlalahoi, shilingi 100 kwa uniti, ni ya anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Nyumba ya vyumba 8 yenye mita 1 itabakije chini ya 75? Mwenye nyumba yake peke yake anapata nafuu. Wapangaji wanaobanana wanalipa bei ya juu. Huo ni usawa gani? Tunataka kila mpangaji awe na mita yake. Na kila muuza pangaboi alazimishwe kuandika linatoa wati ngapi kwa upepo wa mita 3, siyo kwa upepo wa kimbunga.

Wewe unayelipa uniti kwa shilingi 100, ujue sola hiyo hiyo itakuchukua zaidi ya miaka 15. Usikope. Unayelipa bei ya juu, anza na paneli 1 ya kazi ya mchana. Na akija mtu na pangaboi, mwulize swali moja: upepo wa mtaani kwetu umeupima lini?