Anza na namba iliyoandikwa chini ya fimbo

Nina neno kwa wanaoanza gofu huku kwetu Bunda, hasa tangu Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) lilipoanza kujenga uwanja wa gofu wa mashimo 18 Fort Ikoma, wilayani Serengeti. Usinunue weji, fimbo ya mipigo ya karibu, kwa jina lake; angalia nyuzi za mwinamo wa uso wake. Weji ya kupichi ya seti za zamani ina nyuzi 48 hivi. Za siku hizi ni 45, nyingine hata 43. Ukiongeza weji ya mchanga ya 56 juu ya ile ya 43, umeacha pengo la nyuzi 13, na mpira wa mita 80 utaupiga kwa kubahatisha. Tofauti ya nyuzi 4 hadi 6 inatosha: mwenye 45 achukue 50 na 56.

Ya 60 mwachie anayefanya mazoezi kila siku. Sheria inaruhusu fimbo 14 tu, na nafasi hiyo bora uipe fimbo ya masafa.

Jambo jingine ni udongo. Udongo mweusi wa mbuga zetu kiangazi hukauka ukawa mgumu na kupasuka. Weji yenye tako (upande wa chini wa kichwa cha fimbo) nene, iliyotengenezwa kuteleza juu ya mchanga, hapo hudunda na kuupiga mpira tumboni; unaruka chini chini na kupitiliza shimo. Masika mambo hugeuka, tako jembamba huzama matopeni. Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla hujalipia fimbo yoyote ya mtumba, igeuze uangalie tako lake.