ZIARA YA UNGUJA: KWA NINI MKUNAZINI HAPAMO KATIKA RATIBA?



Ndugu zetu katika imani, likizo inakaribia, na wazazi wa hapa Bujumbura wameanza kuchanga nauli ya kuwapeleka vijana wa madrasa Unguja. Ni jambo la kheri na Mwenyezi Mungu awalipe waliolianzisha. Lakini tumeiona ratiba inayopita mkono kwa mkono, nayo imetukera. Siku ya kwanza: pwani ya Nungwi. Siku ya pili: kisiwa cha Changuu kuangalia kobe, na jioni Forodhani. Siku ya tatu: mashamba ya viungo, halafu kununua zawadi. Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, HAPAMO. Tulipouliza sababu tulipewa mbili. Ya kwanza, eti pale ni kanisani. Ya pili ilisemwa kwa sauti ya chini: kwa nini tuwaonyeshe watoto wetu aibu ya Waislamu?

Tuanze na hilo la kanisa maana ni jepesi. Ni kweli kwamba soko lilipofungwa mwaka 1873, kwa mkataba alioutia saini Sayyid Barghash tarehe 5 Juni, Wamisionari wa Kiingereza walipata kiwanja na mwaka huohuo wakaweka jiwe la msingi la kanisa lao. Lakini ukumbusho wenyewe, zile sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni wakiwa ndani ya shimo, uko nje uwanjani. Uliwekwa mwaka 1998. Maonyesho ya historia ya biashara hiyo nayo yamo katika jengo la pembeni lililokuwa hospitali ya misheni. Anayeona si sawa kuingia kanisani asiingie, abaki uwanjani, hakuna atakayemkokota. Hiyo si sababu, ni kisingizio.

Sasa hilo la aibu.

Wazee wetu, hivi mnadhani mtoto wa Buyenzi anasubiri mpaka afike Unguja ndipo asikie habari za utumwa? Anazisikia hapahapa. Anaambiwa darasani na wenzake kwamba Waswahili ndio waliokuja kuuza watu, kwamba yeye ni mgeni, ni mtoto wa Waarabu. Akirudi nyumbani akauliza, anaambiwa nyamaza, kale. Basi anakua na maneno ya watu wengine tu, kwa sababu baba yake na mwalimu wake hawakumpa neno lolote. Kijana wa namna hiyo akifika chuo kikuu atafanya moja kati ya mawili: ama atakana kwamba jambo hilo lilitokea, ama ataanza kuionea haya dini yake. Tumewaona wa aina zote mbili.

Na sisi tu nani hasa? Waswahili wa ufukwe huu wa Tanganyika tumetokana na misafara ileile. Miongoni mwa babu zetu walikuwamo wafanyabiashara na walinzi wenye bunduki, walikuwamo wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kwa ujira, na walikuwamo Wamanyema waliotolewa kwao Kongo, wengine kwa hiari na wengine wakiwa wamefungwa kamba. Katika ukoo mmoja utamkuta aliyeshika fimbo na aliyepigwa kwa fimbo hiyo. Nani kati yetu atasimama aseme kwa yakini kwamba yeye ni wa upande mmoja tu? Kwa hiyo kuipita Mkunazini kwa kuona haya ni kuwapita pia bibi zetu waliouzwa pale.

Angalieni hata njia ya safari yenyewe. Gari litateremka Kigoma, lipite Tabora, lielekee pwani. Ujiji, Tabora, Bagamoyo: hiyo ndiyo njia ya misafara, zaidi ya kilomita elfu moja, na ilitembewa kwa miguu. Mwalimu atakayekuwa ndani ya gari anaweza kuwaeleza vijana habari za Rumaliza, ambaye jina lake ni Muhammad bin Khalfan, aliyekaa Ujiji akavamia pande zote za ziwa, na jinsi majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yalivyomzuia asiiteke nchi hii. Mtoto wa Kiislamu wa Burundi ana haki ya kujivunia ushindi huo wa Mwezi Gisabo kama mtoto mwingine yeyote wa Burundi.

Na Uislamu je? Dini hii haihitaji kufichiwa. Surat An-Nisaa, aya ya 135, imetuamrisha kusimamia uadilifu na kuwa mashahidi hata kama ushahidi utatuangukia wenyewe, au wazazi wetu, au jamaa zetu. Surat Al-Balad imekuhesabu kumwacha huru mtumwa kuwa ni kupanda ile njia ngumu ya mlimani. Na katika Sahih Bukhari imo hadithi inayomtaja mwenye kumuuza mtu huru akala thamani yake kuwa ni mmoja wa watatu ambao Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Waliokuwa wakichoma vijiji Manyema walikuwa wanawauza watu gani, kama si watu huru? Walikuwa na misikiti, walikuwa wakifunga Ramadhani, na walijua. Basi wao ndio wanaohukumiwa kwa dini yao, si dini inayohukumiwa kwa matendo yao. Lakini maneno haya hatuwezi kuyasema kwa uso mkavu ikiwa tunawakwepesha watoto pale mahali penyewe.

Upande wa pili nao tusiuache. Wako waongozaji wa watalii wanaosimulia habari hii kwa namna ambayo Mwarabu ndiye mwovu peke yake na Mzungu ni mkombozi aliyeshuka kutoka mbinguni. Tuwafundishe vijana kuuliza. Pembe za ndovu zilikuwa zinakwenda wapi? Zilikwenda India, Ulaya na Marekani, zikawa vishikio vya visu na vibao vya piano. Nani aliweka mkataba na Sultani wa Kilwa mwaka 1776 wa kununua watumwa elfu moja kila mwaka? Ni Mfaransa, jina lake Morice, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa. Na Tippu Tip, ambaye nyumba yake ipo Shangani, nani alimfanya liwali wa Stanley Falls mwaka 1887? Ni Mfalme Leopold wa Ubelgiji! Hata vile vyumba vya chini vya Mkunazini vinavyoonyeshwa kuwa ni mahabusi ya watumwa, wanahistoria wamevitilia shaka, kwa kuwa jengo lililo juu yake limejengwa baada ya soko kufungwa. Hayo yote ni ya kuyajua, SI ya kujitetea. Dhambi ya Leopold haimfutii Tippu Tip dhambi yake.

Tena huo mji haukuwa soko tu. Katika mitaa hiyohiyo ya Mji Mkongwe, pale Ukutani, alisomesha Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, na rafiki yake Sayyid Ahmad bin Sumayt alikuwa kadhi. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Hapo ndipo alipotokea Sheikh Abdulla Saleh Farsy, ambaye tafsiri yake ya Qur'ani iliyochapishwa mwaka 1969 imo katika makabati ya nyumba nyingi hapa kwetu. Hapo pia alifika Sheikh Uways wa Barawa, na kutoka hapo makhalifa wake wakaipeleka Qadiriyya bara, ikapokewa na watu wanyonge, wakiwamo waliokuwa watumwa. Ajabu ni kwamba ratiba yetu imewaacha masheikh pia! Imeliacha soko kwa kuona haya, na masheikh imewaacha kwa kuwasahau, ikabaki na kobe.

Hatuna ugomvi na kobe, wala na urojo wa Forodhani. Watoto ni watoto. Ila siku tatu ni chache, na tunapendekeza hivi. Kabla ya kuondoka, mwalimu akae na vijana vipindi viwili, awape habari yote, ili wasiisikie mara ya kwanza kwa mtu asiyewajua. Siku ya kwanza asubuhi waende Mkunazini wakiwa bado hawajachoka, na baada yake watembee kwa miguu mpaka Ukutani, halafu msikiti wa Malindi wenye mnara wa pia, waswali Adhuhuri huko. Baada ya swala wakae uwanjani wazungumze, na asiye na la kusema aachwe anyamaze. Siku ya pili, kabla ya Forodhani, waende Kizimkazi Dimbani, kusini ya kisiwa, wakaone kibla chenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Kijana anayeambiwa kwamba Uislamu wa pwani ulianza na watumwa na karafuu aisome tarehe hiyo kwa macho yake.

Watoto wa chini ya miaka kumi wasiteremshwe katika vile vyumba vya chini. Wabaki juu na mama zao.

Na kama muda hautatosha, kinachopunguzwa kiwe Nungwi. Ufukwe wa kuogelea tunao hapa nyumbani, na hauna kiingilio.

Wabillahi tawfiq.